Sisi wa Mwatate

Rafiki yangu, leo asubuhi hapa Doha, mtaa wa West Bay, kwenye mapokezi ya hoteli ninapofanya kazi, mzee mmoja Mjerumani alinipa pasipoti yake. Jina la ukoo: Offenbach. Nikamuuliza kama ametoka mji wenye jina hilo kule Ujerumani. Akacheka. Hajawahi kuukanyaga. Akasema ndilo pia jina la mtunzi wa zamani wa michezo ya kuimba. Baba wa mtunzi huyo alihama Offenbach, na watu wa alikohamia wakamwita kwa mji aliotoka, jina likawaganda mpaka watoto. Nilimpa kadi ya chumba huku nikitabasamu, lakini moyo ulikuwa umeshafika Kericho, kwa nyanya.

Maana jina langu la mwisho ni Mwatate, na huko Mwatate sijawahi kufika.

Nyanya alitoka Mwatate, kule Taita, akiwa msichana, akaenda Kericho kuchuma chai. Pale kwenye kambi ya wachuma chai hakuna aliyejisumbua na jina lake la ubatizo. Mgeni aliitwa kwa kwao, basi. Jioni kambi nzima ilinuka moshi wa kuni, nami nikiponda kimanga, ile mihogo na maharagwe ya kwao, mpaka mkono unawaka. Jirani alikuwa akipaza sauti kutoka mlangoni: "Mwatate, leo umetuwekea?" Nyanya alijifanya mkali, kumbe ameshampakulia.

Siku ya kuniandikisha shule mwalimu aliuliza mimi ni wa nani. Watoto wote wakajibu, "Wa Mwatate!" Njiani nyanya alilia kidogo. Alisema sasa kwao hakutapotea.

Nyanya hayupo tena, na zile nyumba za kambi zilibomolewa. Kimanga ninachopika hapa, cha mihogo iliyogandishwa kutoka duka moja la mtaa wa Al Sadd, hakina ladha ya maana. Lililobaki ni jina, na nimekuwa nikiombea limfikie binti yangu, anayelelewa na mama yangu kule Kericho. Wiki hii ameanza shule.

Jioni nikampigia, nikamuuliza anaitwaje huko.

"Ticha ananiita Doha," akasema kwa furaha. "Watu wote wananiita Doha, mami. Si wewe uko Doha?"

Nilicheka naye. Mtoto wangu anaitwa kwa mahali nilikokwenda nikamwacha. Nikamwambia kesho amweleze mwalimu kwamba yeye ni wa Mwatate.

"Mwatate ni wapi?" akauliza.

Nikaanza kumweleza jinsi kimanga kinavyopondwa, kwa sababu hicho tu ndicho ninachokijua.