Alama Kwenye Kopo la Damari

Damari alipewa jiko la kijiji kwa sababu ya mguu. Tulipohamia kijiji kipya, upande wa Mtinko, kila mtu mzima alitakiwa shambani na jembe lake, na goti la Damari lilikuwa halikunjiki tangu alipoanguka kisimani. Ni mjane, hana mtoto wa kumlimia. Kupikia watu wa shamba la ushirika ndiko kulikomfanya ahesabiwe kuwa naye amefanya kazi.

Alipima unga kwa kopo la zamani la samli, akilijaza mpaka linaota kilele. Kwetu kipimo kisicho na kilele ni uchoyo. Kisha ikaja amri kutoka juu kwamba unga wa kupika upimwe kwa gramu. Mizani ilikaa kwetu siku moja tu, maana ilikuwa inazungushwa vijijini. Yeremia, mtunza ghala, alipima unga wa uwele, ule mzito wa kusagwa kwa jiwe, akaumimina ndani ya kopo, na pale ulipofikia akakwaruza alama kwa msumari.

"Mwisho hapa, mama."

"Na kilele?"

"Kilele kimo humo humo."

Mambo yalikwenda. Halafu mvua zikakata, uwele ukaisha, tukaletewa unga wa njano wa msaada, mwepesi kama pumba. Damari akafuata alama ileile. Sufuria ikaanza kukwanguliwa kabla foleni haijaisha.

"Mama Damari, leo umetupikia au umetuonjesha?" aliuliza Gasto, mmoja wa waliokuwa kwenye foleni, na watu wakacheka.

Baadaye hawakucheka. Esta, jirani yake, alimwambia mbele ya wote, "Kwako moshi unafuka kila jioni, dada. Unapika nini?"

"Mlenda," Damari alijibu. "Njoo uonje."

Mimi hufundisha akina mama maarifa ya nyumbani. Nilimsindikiza Damari ghalani.

"Ndugu Yeremia, kopo la unga huu halilingani uzito na kopo la uwele. Alama ipandishwe."

"Ipandishwe mpaka wapi, mwalimu?"

Hakuuliza kwa ubishi. Alikuwa amenipa msumari. Mizani ilikwishapelekwa kijiji cha Mungaa, na unga ule sikuwahi kuupima. Nilisimama nao mkononi, kisha nikamrudishia.

Damari akarudia kilele chake. Watu walishiba, hata Gasto akamwita shangazi. Lakini magunia yaliisha kabla ya lori jingine kufika, na kamati ya kijiji ikamwita.

"Alama uliipita?"

"Niliipita."

"Kwa nini?"

"Walikuwa na njaa."

Nilieleza habari ya uzito. Walinisikiliza kwa heshima, kisha wakauliza unga mwingine utatoka wapi. Hilo nalo sikulijua. Waliokula wakashiba walitazama chini. Jiko akapewa Esta.

Sasa Damari analima, mguu akiuburuta nyuma ya jembe kama mzigo wa mtu mwingine. Jana mchana nilisimama nyuma yake kwenye foleni. Unga mpya ulikuwa wa njano vilevile. Gasto alilitazama tonge lake, akaanza, "Esta, leo umetupikia au..."

"Alama ni ileile!" Esta alimkatiza, na macho yake yakaenda moja kwa moja kwa Damari, kama mtu anayeomba kusemewa.

Damari alipokea ugali wake kwa mikono miwili. "Asante, mdogo wangu," alisema, akaenda kukaa chini, mguu ameunyoosha mbele.