Siku Treni Ilipofika kwa Saa Yake

Nyinyi mliokua karibu na reli pale Tororo mtanielewa kabla sijafika mbali. Hawa wengine, waliozaliwa simu ikiwa mkononi, naomba wavumilie kidogo, maana hadithi hii haina kitufe cha kuiruka.

Asubuhi zetu zilianza na nyundo ya Baba. Alikuwa mtu wa genge la reli, na kazi yake ilikuwa kutembea kwa miguu juu ya mataruma, kwenda upande wa Malaba na kurudi, akigonga reli na kukaza bolti zilizolegea. Sisi tuliamka tukiisikia ile ngo, ngo, ngo ikififia, tukanywa uji wa wimbi uliounguza ulimi, tukabandua maganda ya muhogo wa kuchemsha tukielekea shule. Nyumbani tuliongea Kidhopadhola, lakini amri zote zilitoka kwa Kiswahili cha genge. Baba akisema "Toka kwa laini", hata kuku walitoka.

Hatukutoka, bila shaka. Tulikuwa na kiwanda chetu pale. Tulipanga vizibo vya soda juu ya reli, treni ikapita, ikatuachia visahani vyembamba vya moto. Tulivitoboa, tukapitisha uzi, vikavuma kama nyuki. Vingine vilikuwa magurudumu ya treni zetu za mikebe ya samaki. Leo mtoto akinunuliwa gari la betri anauliza chaja iko wapi. Sisi chaja yetu ilikuwa kamba na mbio.

Tatizo la kiwanda chetu lilikuwa kusubiri. Treni ile haikuwahi kufika kwa saa yake. Ikitakiwa saa nne, ilikuja saa nane, na watu wa Tororo hawakuona ajabu. Mama zetu walianika mihogo kando ya reli bila wasiwasi, na mwalimu akichelewa alisema tu kwamba amekuja na treni.

Sasa, katika duka moja mjini, nyuma ya kioo, kulikuwa na treni ndogo ya bati, nyekundu, yenye ufunguo ubavuni. Niliililia treni ile kwa mwaka mzima. Baba alikuwa akisema "Mwisho wa mwezi", na mwisho wa mwezi likaja jembe, au sare ya kaka yangu. Hadi jioni moja akavua kofia yake ya kazi, na ndani, imefungwa kwa gazeti, ilikuwa treni yangu. Mimi, Athieno, mtoto wa mtu wa genge, nilikuwa na treni ya dukani. Nililala nayo.

Lakini mtoto wa reli hawezi kuridhika na sakafu. Niliona ni aibu treni nzima kukimbia chini ya kitanda wakati reli ya kweli iko hatua chache tu. Jumamosi, saa nne kasoro, niliipeleka. Nilizungusha ufunguo, nikaiweka juu ya chuma, ikatembea kidogo, ikakwama. Nikainama kuizungusha tena. Muda nilikuwa nao, treni kubwa ilikuwa ya saa nne, kwa hiyo ingekuja saa nane.

Siku hiyo ikaja saa nne.

Niliposikia honi nilikimbia mpaka kwenye migomba, mikono mitupu. Sikurudi kuangalia. Baba aliporudi nikamwambia treni yangu imeibiwa na mtoto wa mchuuzi aliyepita kwenda Busia. Baba akasema, "Sawa. Tutatafuta huyo mwizi." Mwezi mzima, kila jioni, kabla hata hajavua viatu, alikuwa akiniuliza, "Athieno, mwizi amepatikana?" Nami nikajibu, "Bado, Baba."

Sasa mimi ni mwanamke mzima, nafanya kazi ya kutoa mizigo forodhani Busia, na nyumba yangu imejaa treni za kuchezea. Mama Taaka, anayeuza mitumba sokoni, marobota yake yakifunguliwa ananiwekea zile zinazotoka humo: hazina bomba, hazina mabehewa, moja ina alama za meno ya mbwa wa Ulaya. Ng'ambo ya mpaka kuna mwalimu mstaafu anayezitafuta pia, na tumeshavutana juu ya behewa moja la plastiki bila haya. Yeye anasema utotoni kaka yake alikuwa na treni, na hakumruhusu kuigusa hata mara moja. Nadhani wote tuko hivyo. Hakuna anayenunua treni hamsini. Ananunua ileile moja, tena na tena, na haipati.

Binti yangu Apiyo haelewi. "Mama, watu wakiingia hapa wanafikiri tumefungua nursery," anasema. "Hii si hobi, hii ni ugonjwa."

Mwaka huu Baba ameanza kuishiwa pumzi, na nikaogopa kwamba atakwenda akiamini ule uongo wangu. Mama Taaka aliponipatia nyekundu ya bati, yenye ufunguo, nilipanda boda siku hiyohiyo mpaka kwa Baba, Mulanda. Nikaiweka mapajani mwake, nikamwambia yote: reli, honi, migomba. Nililia kama mtoto, na miaka yangu hii.

Baba aliipapasa magurudumu. Kisha akanituma chini ya kitanda nimletee kopo lake la kutunzia karatasi. Ndani, chini ya barua za kustaafu, kulikuwa na kipande cha bati chembamba kama jani, kingo zake bado nyekundu.

"Wee Athieno," akasema, kwa kile Kiswahili chake, "nani alikuwa anatembea hiyo laini kila siku? Mimi niliokota hii mchana uleule. Nikangoja wewe useme mwenyewe."

Akakohoa, akacheka.

"Sasa umechelewa kuliko hata treni ya mizigo."

Nilimuuliza kwa nini hakunichapa. Akasema alipoiona pale juu ya chuma, alishukuru kwamba alichookota ni bati tu.

Ile nyekundu alibaki nayo, mimi nikarudi na iliyopondwa. Iko kwenye rafu, katikati ya zile nyingine, na Apiyo siku hizi anaifuta vumbi bila kuambiwa. Watoto wa leo wana treni kwenye simu. Ikigonga, wanabonyeza, inaanza upya, na hakuna anayehitaji kumdanganya baba yake. Siwaonei wivu. Sisi tulipewa moja tu, tukaiponda, na kuna mtu aliyeinama kwenye mataruma akaiokota, akatutunzia mpaka tukakua.