Bwawa la Baba na Samaki Wasiokua

Bwawa la baba lilinuka matope, maganda ya ndizi yaliyooza, na kiburi. Alilichimba bondeni Kanoni, mwanzoni mwa miaka ya hamsini, baada ya bwana shamba kumpa ndoo ya perege wachanga. Bibi, aliyekulia penye zizi na kumhesabu mla samaki kuwa mtu aliyekosa ng'ombe, alichungulia maji akatema mate. "Wenzako wanachunga ng'ombe, wewe mwanangu unachunga matope?"

Baba alikuwa amekwisha kuwaahidi wakwe wa dada yangu Teresia, watu wa Kituntu, kwamba siku ya harusi kila mgeni angekula samaki mzima. Kwa hiyo akapiga marufuku ndoana. Mama alipoomba wachache wa mchuzi, alijibiwa, "Mama Teresia, mbegu hailiwi! Haba na haba hujaza kibaba." Mimi nilipewa cheo cha kuwafukuza korongo kwa mawe. Nilikuwa na shabaha nyingi na akili kidogo. Ndege walihama, nami nikajiona askari. Samaki wakazaana, watoto wao wakazaana, hata maji yakawa yanachemka bila moto. Baba alisimama ukingoni akitabasamu, utadhani amewazaa yeye.

Asubuhi ya harusi, wageni wakitazama, bwawa lilifunguliwa, maji yakatoka. Maelfu walirukaruka matopeni, na hakuna aliyezidi kidole gumba. Maji yaleyale, maganda yaleyale, vinywa mara mia: walikuwa wamegawana njaa. Chuo kikuu kilihitaji muhula mzima kunifundisha kazi ya kupunguza samaki, ambayo korongo walikuwa wakitufanyia bure.

Mzee mmoja wa upande wa bwana harusi alimwinua perege kwa mkia. "Mkwe, hawa ndio samaki, au ndio mayai yao?" Badala ya kunyamaza, baba akaeleza kwamba ile ni aina ya Kizungu, haipendi kukua haraka. Walicheka mpaka wakaketi chini. Harusi ilishiba ndizi na pombe ya rubisi.

Siku hizi vijana wenye mabwawa huvua mapema, hutenga madume na majike, na perege wao hujaza sahani. Huniita mjini Kayanga kwenye semina zao; nachora ubaoni mstari wa idadi ya samaki, unaopanda kisha ukalala, wananipigia makofi. Teresia hakusoma. Ukweni walimwita Kadagaa tangu siku ile, na sasa wajukuu zake humwamkia, "Shikamoo, Bibi Kadagaa," bila kujua chanzo. Huitikia marahaba. Chanzo nakijua mimi, kwa michoro na kwa hesabu, na shahada yangu yote haijamrudishia jina lake.