Tiki Nyekundu ya Dirisha la Tatu

Baba yangu aliwabadilishia wasafiri pesa kwa miaka ishirini na sita, na katika miaka hiyo yote hakuwahi kusafiri nje hata mara moja. Alikaa dirisha la tatu la duka la kubadilishia fedha, nyuma ya kioo chenye tundu la nusu duara, katikati ya duka la viatu na wakala wa tiketi za ndege. Hakuna aliyemwita kwa jina lake. Alikuwa Mzee Dirisha, mama akawa Mke wa Dirisha, nami nikakua nikiitwa Binti Dirisha. Shuleni nililichukia jina hilo. Leo natamani angalau mtu mmoja aniite hivyo barabarani.

Kile chumba nakikumbuka kuliko sebule yetu. Palikuwa na feni iliyogeuka upande mmoja tu, kwa hiyo dirisha la kwanza lilipata upepo na la tatu likapata kelele. Palikuwa na kisahani chenye sifongo mbichi ya kulowanishia vidole, taa ndogo ya mezani iliyowashwa hata mchana kweupe, na ubao ukutani wenye safu mbili, tunanunua na tunauza, ambao mhasibu aliufuta na kuuandika upya kila asubuhi. Baba alikuwa na mipira ya kufungia noti kwenye kifundo cha mkono, kama bangili. Alirudi nayo nyumbani, akala nayo, na mama alikuwa akimwambia, "Vua pingu, umeshafika kwako."

Kazi yake aliifanya kwa utaratibu mmoja. Noti ya kigeni ikipita kwenye tundu, aliipapasa kwa dole gumba, akaiinua kwenye taa, akaitazama kola ya yule mtu aliyechorwa, kisha akachukua kalamu nyekundu mfukoni mwa shati na kuitia tiki ndogo kwenye pembe ya chini. Maana yake: nimeipima, ni halali. Mkono wake wa kulia ulivunjika ujanani na ukaunga vibaya, kwa hiyo tiki zake zilikuwa na mkia mrefu uliopinda nyuma. Huwezi kuzifananisha na za mtu mwingine.

Noti zenye tiki hakuwapa wasafiri. Wasafiri aliwapa noti mpya kutoka benki, zikiwa bado na karatasi ya kufungia. Zenye tiki zilinunuliwa na wafanyabiashara wa jumla waliofuata mali nje, hasa Mama Majora, jirani yetu muuza vitambaa, ambaye mwili wake na sauti yake vilijaza mlango. Yeye alikuwa akisema, "Nipe zile zako nyekundu, Mzee Dirisha. Za benki sijui zimelala na nani."

Na ushauri! Ushauri wa baba ulikuwa bure, jambo lililomuuma sana bosi wake. Mtu alikuja kubadilisha pesa za safari, akaondoka na darasa zima. Uwanja wa ndege badilisha nauli ya teksi tu, zilizobaki subiri mjini. Usitazame ubao, uliza mkononi utapata ngapi baada ya makato yote. Usibadilishe mara mbili kinachoweza kubadilishwa mara moja. Noti kubwa ina bei nzuri kuliko ndogo. Gawa pesa sehemu tatu, na mojawapo hata mumeo asiijue. Na noti iliyochanika au iliyoandikwa usiipokee kabisa, kwa sababu huko uendako watakutazama kama umeiokota jaani.

Siku hizi mimi ndiye ninayesafiri, kikazi, na kadi mkononi. Mashine ya ugenini inaniuliza kwa upole kama nataka inihesabie kwa pesa za kwetu, ili nielewe vizuri. Nabonyeza hapana, toa kwa pesa za hapo hapo, tena natoa mara moja nyingi badala ya mara kumi kidogo kidogo, maana kila kutoa kuna makato yake. Namsikia baba akisema nyuma ya kioo: "Huyo anayekurahisishia hesabu, mwanangu, anajilipa." Wenzangu wa kazini wanashangaa nimejifunzia wapi. Nawaambia dirisha la tatu, nao wanadhani ni chuo.

Sasa, yeye na mama walikuwa na ndoto yao. Kila mwezi, akishapokea mshahara, baba alinunua noti moja ya dola mia na kuiweka kwenye kopo la maziwa ya unga juu ya kabati. Miezi mingine ilipita bure, kwa ada zangu au dawa za bibi, lakini kopo lilijaa polepole. Siku akistaafu, alisema, wangefunga safari wawili waende kuona watu wote hao walikuwa wakikimbilia nini. Mama, aliyekuwa fundi cherehani na hakuwa na imani na ndoto zisizo na kipimo, aliuliza tu, "Na huko nitavaa nini?" Kisha akajishonea gauni la safari, akalikunja, akalihifadhi.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne siku mama aliposhindwa kutunga uzi. Jicho lake la kushoto lilikuwa limeshapotea zamani, kwa ugonjwa wa utotoni. Sasa kwenye la kulia nako kukaanza kushuka kitu kama pazia, kutoka juu kuja chini. Daktari alisema utando wa nyuma ya jicho umebanduka, na hapa kwetu hakuna wa kuurudisha. Yuko nchi nyingine, mwendo wa saa tatu kwa ndege. Tusichelewe, akasema, pazia likifika chini basi.

Nauli tuliipata kwa kuuza cherehani yake ya pili na kwa michango ya ndugu. Kutuma pesa za matibabu kwa benki kulihitaji siku kumi na makato ya kutoa machozi, na siku kumi hatukuwa nazo. Baba akashusha kopo. Zilikuwa noti thelathini na nane. Akazigawa sehemu tatu, moja kwake, moja kwangu, moja ndani ya pindo la lile gauni la safari, ambalo mama alilivaa hatimaye kwa sababu asiyoitaka.

Uwanja wa ndege wa ugenini baba alisimama mbele ya ubao wa viwango kama wengine wanavyosimama mbele ya sanamu. "Tazama," akaninong'oneza, "wezi wamevaa tai." Akataka kubadilisha noti moja ya teksi. Yule dada wa kaunta aliigeuza, akaiweka chini, akaisukuma kwa ncha ya kucha.

"Hatupokei. Imeandikwa."

"Imeandikwa wapi?" baba akauliza, na aliuliza kwa dhati.

Dada akaonyesha tiki.

Nimefikiria sana dakika ile. Miaka ishirini na sita aliona maandishi ya watu wote isipokuwa yake. Akiba yake aliinunua kutoka noti alizozipima mwenyewe, kwa sababu hakuamini noti ya mtu mwingine, hata ya benki. Zote thelathini na nane zilikuwa na tiki nyekundu yenye mkia.

Teksi tuliilipa kwa vijisenti vya michango. Kesho yake daktari alimpima mama na kusema upasuaji ni keshokutwa asubuhi, ila malipo yote yaingie kesho kabla ya saa kumi alasiri, kwa pesa za pale. Tukikosa nafasi hiyo, inayofuata ni baada ya siku kumi na mbili. Baba akauliza kama jicho litasubiri. Daktari akasema, "Mimi ningesubiri. Jicho silisemei."

Hesabu ilikuwa wazi: kwa bei ya haki, gharama ilikuwa sawa na noti thelathini na tano. Kesho yake tangu asubuhi tulizunguka mimi na baba, tukimwacha mama kwenye nyumba ya wageni amelala chali kama alivyoagizwa. Benki ya kwanza ilikataa. Ya pili ikakataa. Duka moja la kubadilishia fedha lilikubali, lakini kila mia ingehesabiwa themanini na tano. Hata tungebadilisha zote, tungepungukiwa karibu noti tatu. Kijana wa dirishani alikuwa na mipira mkononi, kama baba. Baba akamwambia, "Mwenzangu, ni halali, nimezipima mwenyewe." Kijana akajibu, "Mzee, sikatai. Ila mimi nikizipeleka mbele watanirudishia." Na baba akaitikia kwa kichwa, kwa sababu hata yeye angesema hivyo hivyo.

Tulirudi saa saba mchana. Baba alikaa ukingoni mwa kitanda, akatoa ile kalamu mfukoni na kuitazama. Sijawahi kumwona baba akiwa mdogo vile. Akasema, "Mama watoto, nimekuharibia jicho kwa mkono wangu."

Mama hakugeuka, maana alikatazwa kugeuka. Akatazama dari kwa hicho kipande cha jicho alichobakiwa nacho.

"Mama Majora analipia wapi vitambaa vyake?"

"Nini?"

"Nauliza. Anachukua zako nyekundu kila mwezi. Anakuja nazo mji huu huu. Anazipeleka wapi, anazitafuna?"

Baba alinyanyuka kabla mama hajamaliza. Maskini, alikuwa mtu wa madirisha, asingewaza kwamba pesa zina njia nyingine. Mimi nilipiga simu nyumbani kutoka kibanda cha simu, Mama Majora akapiga kelele hadi mwenye kibanda akasikia: soko la vitambaa vya jumla, ghorofa ya pili, duka lenye mlango wa kijani, mwambie mimi ndiye nimekutuma, na mama yako nampa pole.

Tulifika saa nane na nusu, na noti zote, hata zile za pindoni. Mwenye duka alikuwa mzee mwembamba aliyezungukwa na majora mpaka darini, futi ya kupimia ikining'inia shingoni. Tulizungumza kwa ile lugha ya sokoni ya kuokoteza, neno lako, neno langu, vidole vikimalizia. Baba akaweka noti moja juu ya meza. Hakuieleza wala kuitetea.

Mzee wa vitambaa aliitazama pembe ya chini. Akavuta droo yake, akatoa bunda, akalikunjua kama karata. Tiki nyekundu. Tiki nyekundu. Tiki nyekundu, zote mkia nyuma.

"Hizi naletewa na akina mama wa kwenu," akasema. "Mwanzoni nilizikataa. Halafu nikaona wale ninaoagiza mali kwao hawajali wino, wanajali bandia. Miaka kumi na moja napokea alama hii, sijarudishiwa hata moja. Huyu anayetia alama ni nani? Ni mashine?"

Baba akachukua kipande cha karatasi ya kufungashia, akatoa kalamu, akatia tiki. Mkia ulikuwa uleule.

Yule mzee alitazama karatasi, akamtazama baba, akasimama. Alizunguka meza yote kuja kumshika mkono, ule ule uliounga vibaya, na hakuuachia upesi. Akatupa bei ya ubaoni ya siku hiyo, bila kupunguza senti, kwa sababu dola alizihitaji kweli kwa mali yake na, alisema, hizi hazihitaji kupimwa mara ya pili. Tukabadilisha thelathini na saba. Baba alibaki na moja, ile iliyokuwa mezani, sijui kwa nini, na sikumuuliza. Ile karatasi ya tiki yule mzee aliibandika ndani ya droo yake.

Tulilipa hospitali saa kumi kasoro dakika kumi na tano, mimi nikihema kama niliyefukuzwa, na keshia akatuandikia risiti bila haraka yoyote.

Nikimkumbuka baba siku hizi, simkumbuki nyuma ya kioo peke yake. Namkumbuka njiani tukitoka sokoni, akitembea haraka kuliko umri wake, akisema, mara kwa furaha na mara karibu kulia, "Kumbe nimeshafika huku zamani. Kumbe nilikuwa natangulia." Duka la kubadilishia fedha sasa linauza simu. Baba hayupo, Mama Majora hayupo. Kopo lipo, mama anawekea vifungo.

Bandeji ilifunguliwa baada ya upasuaji, asubuhi, mapazia yakiwa yamevutwa nusu. Daktari aliinua vidole viwili na kuuliza ni vingapi. Mama akasita. Akasema anaona mwanga, anaona mtu, vidole hana hakika. Daktari akaandika kitu.

Baba akamsogelea mama, akapiga magoti kando ya kitanda, akatoa ile noti ya mwisho mfukoni na kuiinua kwenye mwanga wa dirisha, kama alivyoinua noti za watu miaka yote.

"Mama watoto. Unaona nini?"

Mama alitazama. Alitazama muda mrefu. Kisha akanyoosha kidole, polepole, kikagusa pembe ya chini ya noti.

"Naona tiki," akasema. "Imepinda. Miaka yote hii, baba watoto, bado hujajifunza kuandika."