Tumbawe Halianikwi Juani

Nikiwa kijana mvuvi Hamukungu, kando ya ziwa, kiboko alipasua mtumbwi wa mjomba wangu. Mjomba alimtukana mnyama yule mpaka ukoo wake, kana kwamba wanafahamiana. Kisha tukaanika mbao siku tatu, tukaziba ufa kwa pamba na lami. “Ubao mbichi haushiki kitu,” aliniambia. Neno hilo nililibeba miaka mingi, na siku moja likanitia aibu.

Maana mitumbwi iliponimaliza mgongo, niliajiriwa Bwera, mpakani, na mfanyabiashara wa kutoka Butembo, Kongo. Wote tulimwita Patron, yaani bosi. Katika nyumba yake ya wageni palikuwa na tangi la kioo, maji ya chumvi tuliyochanganya wenyewe kwa ndoo, na ndani yake matumbawe ya kutoka pwani. Siku ya kwanza alinipa kipande kilichovunjika, nikigandishe kwenye mwamba. Mimi nikakianika juani.

“Mzee, unafanya nini?”

“Nakausha, Patron. Ubao mbichi...”

“Ubao? Ile iko nyama! Umeanika mutu muzima!”

Kipande kilikufa. Nikajua nimefukuzwa, lakini Patron alicheka mpaka akakaa chini. Ndipo akanifundisha.

Tumbawe unaliona jiwe, kumbe ni wanyama wadogo wanaoishi pamoja. Halikaushwi, unafuta kitako chake tu kwa kitambaa. Gundi ya supaglu ya majimaji usiitumie, inakimbia kama mkojo wa mtoto. Chagua ile nzito kama asali. Inashika hata ndani ya maji, ila ukiigonga inaachia. Kipande kizito kinataka na epoksi, gundi ya madonge mawili unayoyakanda pamoja kama unga wa chapati. Hiyo inajaza mashimo ya mwamba, lakini haina haraka. Basi unapaka gundi, unaweka donge, unapaka gundi tena.

Nilifanya hivyo miaka minane. Tumbawe moja la zambarau nililipanda likiwa kama ukucha, likakua kama bakuli. Kila asubuhi nililisalimia kabla ya watu.

Asubuhi ya harusi ya binti yake Patron, tumbawe hilo lilibanduka mwambani likaanguka. Patron akaja na silikoni, gundi ya kuzibia madirisha.

“Tia hii, Mzee. Bageni beko njiani.”

“Patron, hii ina dawa ya kuua kuvu. Itaua na hawa.”

“Nani iko Patron hapa, mimi ao weye?”

“Ni wewe.”

“Basi tia!” Akaenda kanisani.

Silikoni nikaitia mfukoni. Ndiyo hiyo imeziba dirisha langu hapa Rukoki ninapoishi sasa, na mvua haipiti. Ni gundi nzuri, mahali pake. Nikakanda epoksi yangu, nikalishikilia tumbawe ndani ya maji, mkono ukafa ganzi, misa nzima ikaisha nikiwa pale. Nilijua Patron ataniuliza. Kumdanganya singeweza, na kumwambia nimemkaidi siku ya kumwoza mwanawe, pia singeweza.

Lilipokamata, nililisalimia kama kila asubuhi. Nikafuta mkono, nikapita mlango wa jikoni wapishi wakiimba, nikapanda gari la Kasese. Bwera sijarudi.