Uvimbe Uliodhaniwa Mimba

Saa moja asubuhi Everlyne Mghoi yuko juu ya jukwaa la mbao, viungani mwa mji wa Voi, akipanga mawe ya ukuta wa duka. Anashusha timazi kupima kama ukuta umenyooka, anafumba jicho moja, kisha anagonga jiwe kwa mpini wa mwiko mpaka likae sawa. Vibarua walio chini wanamwita fundi.

"Jua la Voi likishapanda, simiti inakukaukia mkononi," anasema. "Lazima uliwahi."

Miaka miwili iliyopita hangeweza kupanda jukwaa hilo. Tumbo lilikuwa limevimba, na hatua chache tu zilimwacha akihema. Everlyne, ambaye sasa ana miaka 31, hakuwa ameolewa. Nyumbani kwao Mghange, kwenye milima ya Taita, watu waliamua wenyewe kinachomsumbua.

"Kanisani niliambiwa nipumzike kuimba. Hakuna aliyeniuliza kama naumwa," anakumbuka. "Baba akasema nisirudi nyumbani mpaka nimtaje mwanaume. Nikamwambia, 'Baba, hakuna mwanaume.' Akaingia ndani, akafunga mlango."

Alibaki Voi, akifanya kazi nyepesi za chini huku ameshika ubavu. Aliyemtazama vizuri ni Bi Mwanamina, anayewauzia mafundi chai na mahamri.

"Mimi nimezaa, mimba naijua," anasema Bi Mwanamina. "Mimba haianzii chini ya mbavu za kushoto. Nikamwambia, 'Mwanangu, vaa viatu, twende hospitali.'"

Picha ya tumbo ilionyesha tatizo liko kwenye wengu, kiungo kilicho chini ya mbavu za kushoto, ambacho husaidia mwili kupigana na maradhi. Ndani yake mlikuwa na kifuko cha maji, kikubwa kuliko kichwa cha mtoto mchanga. Haikuwa mimba, wala saratani. Lakini angeanguka vibaya, kingeweza kupasuka na kumuua.

Alipelekwa Mombasa kufanyiwa upasuaji. Bi Mwanamina akampigia simu baba wa Everlyne, Mzee Elijah. Mzee alifika kesho yake, akasimama mlangoni mwa wodi, kofia mkononi.

Daktari aliwaeleza kwamba vifuko vya aina hii ni nadra, na ni nadra zaidi kuviona kwa ndugu wa damu, ingawa hutokea. Kisha akauliza kama kwao kuna mwingine aliyewahi kuvimba hivyo.

"Baba aliketi kitandani kwangu," anasema Everlyne. "Akaanza kulia."

Mwingine alikuwepo. Dada mdogo wa Mzee Elijah, Wakesho, alifukuzwa nyumbani akiwa msichana kwa sababu ya tumbo kama hilo. Aliteleza akichota maji mtoni, akafa siku hiyo hiyo. Alizikwa bila hata wimbo, na jina lake likakoma kutajwa.

Leo hakuna anayeweza kuthibitisha kilichomuua Wakesho. Daktari mwenyewe hakutaka kukisia. Mzee hakuhitaji uthibitisho.

"Aliniambia, 'Mghoi, nusura nikuzike kama Wakesho,'" anasema Everlyne.

Wengu wake uliondolewa wote. Alichanjwa, akaonywa kwamba homa yoyote sasa ni ya kukimbilia hospitali, si ya dawa za dukani. Alipopata nguvu alirudi Mghange. Jumapili hiyo baba yake alisimama kanisani, akasema binti yake alikuwa mgonjwa. Baada ya ibada, waumini walimfuata hadi kwenye kaburi la Wakesho, wakaimba. Everlyne aliongoza.

Kaka yake, Zephaniah, naye alipimwa akakutwa na kifuko kidogo. Hakihitaji kisu kwa sasa, ila anachunguzwa mara kwa mara. Ameacha kubeba abiria kwa pikipiki kwenye barabara mbovu za Kishushe, na anauza spea Wundanyi.

Amebaki Rita, kitinda mimba, mwanafunzi wa sekondari. Huyo hataki kupimwa.

"Anasema tukiona kitu tutampasua," Everlyne anaeleza, akifuta mwiko kwa gunia. "Simlaumu. Hata mimi niliogopa."

Mpango wake ni kumleta Voi shule zikifungwa. Mzee Elijah, ambaye hajawahi kupigwa picha ya tumbo maishani, amesema atateremka nao, na ameshamwambia Rita jinsi itakavyokuwa.

"Nitaanza mimi," alimwambia. "Utaniona nikilala pale, na utaniona nikiamka."