Duara la Nne

Sili ya mlango wa trela, ile lakiri ya kuzuia wizi, ilikuwa nzima. Niliikata mwenyewe mbele ya polisi wawili, na tulipotoa mifuko ya mwisho ya chai, kule mbele kabisa, tukakuta sweta ya dereva wake, Kipkemoi, sakafuni. Ilikuwa imelowa chapachapa. Mifuko iliyoilalia ilikuwa mikavu.

Najua utakachosema. Lakini mimi sijui kutunga hadithi. Nilikuwa fundi wa bodi za trela, na fundi wa bodi husema anachokiona: ufa ni ufa, kutu ni kutu. Basi nisikilize.

Miaka ya tisini nilifanya kazi katika yadi moja nje kidogo ya mji wa Kericho, ambako trela zilipakiwa chai ya kwenda Mombasa. Kabla ya kupakia, ilikuwa lazima nikague bawaba, makomeo, mpira wa mlango na bodi yote, kwa sababu chai haivumilii maji. Sasa, utajuaje kama bodi ina tundu dogo kama la sindano? Unaingia ndani, mwenzako anakufungia mlango, unasimama gizani mpaka macho yazoee. Tundu linajionyesha lenyewe, doa jeupe kama punje ya mtama. Unalizungushia duara la chaki, ili baadaye ujue pa kupiga kiraka, kisha unagonga mlango kwa nyundo ufunguliwe. Kwa hiyo usidhani nazungumzia usiku. Nje kulikuwa na jua la saa sita.

Siku ile aliyenifungia mlango alikuwa Kipkemoi, dereva wa trela yenyewe. Tulitahiriwa msimu mmoja, tukauguza vidonda kibanda kimoja, na kwetu Wakipsigis watu kama hao huitana bakule mpaka kufa. Alikuwa na haraka. Jumapili ya wiki iliyofuata mtoto wake wa kwanza angebatizwa huko Siongiroi, na alitaka awe amerudi. Alivaa ile sweta ya kijani aliyofumiwa na mkewe, mkono mmoja mrefu kuliko mwingine.

"Ingia, bakule," akaniambia. "Na usilale huko. Ukilala nakupeleka Mombasa na chai."

Niliona matundu matatu, yote ukuta wa kushoto, yamefuatana kuelekea mbele. Nikayachorea maduara, nikatia chaki mfukoni, nikarudi mlangoni. Kabla ya kugonga nikageuka kutazama mara ya mwisho.

Tundu la kwanza likazimika, likawaka. La pili likazimika, likawaka. Kisha la tatu. Umewahi kuona mtu akipita mbele ya dirisha? Ndivyo ilivyokuwa. Kitu kilikuwa kinatembea kati yangu na ukuta, taratibu, kuelekea kona ya mbele, na mbao za sakafu hazikulia. Nikasikia harufu ya sufu iliyonyeshewa. Mvua ilikuwa haijanyesha siku hiyo.

"Bakule," sauti ikasema kutoka konani, chini chini, kama ya mtu aliyeketi. "Fungua. Nimechoka kukaa."

Ilikuwa sauti ya Kipkemoi. Niamini. Hata nilicheka, nikidhani ameingia kunitania. Lakini ameingiaje? Mlango ungefunguliwa, mwanga ungenichoma macho. Nikaupiga kwa nyundo mpaka ukafunguka, na aliyekuwa ameshika komeo kule nje, mkavu, akitafuna mua wa Soin, alikuwa Kipkemoi.

"Mbona hivyo? Umekutana na chui?"

Nikamwita supavaiza wetu, Bwana Nyakundi. Tukafungua milango yote miwili, jua likaingia. Hapakuwa na kitu ila maduara yangu matatu. Sote tuliyaona. Nikasema trela isiondoke.

"Niandike nini?" Nyakundi akauliza. "Trela imekataliwa kwa sababu fundi amesikia sauti? Sauti ya nani?"

"Ya huyu."

Kipkemoi alicheka mpaka akatema mua. "Lakini mimi niko hapa nje! Na sauti yangu ninayo mwenyewe."

Nilimvuta kando, nikamsihi achukue trela nyingine, au aseme tumbo linamuuma. Akaniwekea mkono begani.

"Nikikosa safari hii nitapangiwa ya wiki ijayo, na hapo ubatizo utanipita. Ziba matundu, bakule. Mvua inakuja."

Nikaziba. Ningefanya nini? Nikapiga viraka vya bati, nikaimwagia bodi maji kwa mpira, halikupenya tone. Makomeo yalifunga vizuri. Trela haikuwa na kasoro yoyote, na hilo ndilo lililonikata maini. Chai ikapakiwa mpaka juu, sili ikafungwa, naye akaondoka mvua ikianza.

Kesho yake trela ilipatikana kando ya barabara karibu na Londiani. Injini ilikuwa inanguruma, kipande cha mua kiko kwenye kiti, na yeye hayupo. Watu walitafuta msituni mpaka wakachoka. Ndipo trela ikarudishwa yadini, nami nikakata sili.

Wapo waliosema ametorokea Uganda. Mtu anayetoroka huacha sweta yake chini ya chai iliyotiwa sili? Mtoto alibatizwa bila baba. Kila ninapokwenda Siongiroi, mama yake Kipkemoi huniuliza swali moja: "Wewe uliyemsikia, alitaka nini?" Nami humjibu kwamba sikusikia vizuri.

Niliacha kazi ile. Sasa nina shamba dogo la chai, na mlango wa nyumba yangu hautiwi komeo. Mke wangu amezoea baridi. Nawe, ukisikia sauti ya mtu wako ikitoka mahali asipokuwepo, usikubali kuchekwa ukanyamaza. Lala mbele ya magurudumu ikibidi. Mimi sikulala.

Kuna jambo moja polisi waliliona na hawakuliandika. Mifuko ilipokwisha kutolewa, nilitazama ukuta wa kushoto. Maduara yangu matatu yalikuwepo, kila moja na kiraka chake. Kule konani palikuwa na duara la nne, la chaki, limepindapinda, usawa wa mdomo wa mtu aliyeketi. Chaki yangu ilikuwa bado mfukoni mwa ovaroli. Na ndani ya duara lile bati lilikuwa zima. Hapakuwa na tundu.